Simu Iliyoita Mjini Tu

Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya swichibodi ya simu za kiwanda cha karatasi, vipokea sauti masikioni, na katika miaka hiyo yote hakuna simu iliyoita mara ya nne bila yeye kuipokea. Hakulisema hilo kwa majivuno. Alilisema kama mtu anavyotaja urefu wake. Ikiita mara ya kwanza alivuta pumzi, ya pili alishika kalamu, ya tatu alijibu. Wenzake kazini walimwita Mama Laini, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Hata watoto wa jirani, waliozaliwa swichibodi ikiwa imekwisha kung'olewa, hawakumjua kwa jina jingine.

Kiwanda kilipopunguza watu, alitoka siku ileile na fundi bomba wao, mtu mrefu mwenye maneno machache aliyeitwa Mzee Spana. Spana alijiunga na mafundi bomba wengine watatu. Wawili walikuwa mapacha, na walikuwa na desturi ya kumaliziana sentensi, kiasi kwamba mteja hakujua amshukuru nani. Wa tatu walimwita Sumaku, kwa sababu hakuna nyumba aliyozibua choo akatoka mikono mitupu: leo kapewa shati, kesho kiti chenye miguu mitatu. Kazi walikuwa nayo. Walichokosa ni masikio. Fundi aliyejikunja chini ya sinki, mikono imeloa mpaka viwikoni, hawezi kupokea simu, na mtu ambaye maji yanaingia sebuleni kwake hawezi kungoja fundi ajifute.

Wakamwendea Mama Laini. Awe na namba moja ya wote wanne, apokee yeye, aandike, kisha awagawie kazi kwa zamu. Alikubali, lakini alitoa masharti, tena akayaandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Namba hiyo isipigwe na ndugu zake wala na mafundi wenyewe. Mwenye neno atume ujumbe, ili laini iwe wazi kwa wateja muda wote. Yeye naye asiitumie kumpigia mtu yeyote. Na zamu isirukwe, hata kwa huruma.

Namba ilipakwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa mashine ya kusaga pale njia panda, na juu ya matangi ya maji ya watu waliokubali. Juu ya namba Spana aliandika: MAJI YAMEKUSHINDA? PIGA.

Mambo yalikwenda hivyo miaka tisa. Kila mwisho wa juma mafundi walimtolea fungu lake, na fungu hilo ndilo lililomlisha. Lakini kulikuwa na kitu alichokithamini kupita fungu. Wanaume wanne wenye wake, watoto na njaa za kila namna walikubali kwamba daftari la mwanamke mmoja halisemi uongo. Hakuna aliyewahi kuomba kulikagua. Jambo kama hilo halinunuliwi, na likivunjika hakuna duka linalouza kipuri chake.

Mwaka wa kumi, binti yake wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli nchi ya mbali, alimtumia simu. Ilikuwa nyembamba kama kipande cha kigae, na nyuma iling'aa mpaka mtu aliweza kuchana nywele akijitazama humo. Ujumbe wake ulisema, "Mama, hiyo ya vitufe weka pembeni. Watu wakiniuliza mama yako anatumia simu gani, unataka nijibu nini?" Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba inafanya kazi dunia nzima, na kwenye boksi kulikuwa na picha ya dunia.

Mama Laini hakuihitaji. Simu yake ya vitufe ilikuwa imechakaa, namba tano ilibonyea isitoke, lakini ilikuwa inaita na inasikika. Hata hivyo mwanamke hakatai zawadi ya mtoto aliyesimama kutwa kwenye mvuke kuipata. Akaenda mjini, wakambadilishia laini ikawa kadi ndogo inayoingia kwenye simu mpya. Muuza duka akajaribu kuipigia palepale, ikaita vizuri kabisa. Simu ya zamani akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kwenye droo ya kabati la vyombo.

Kule nyumbani, mwendo wa saa moja kutoka mjini kwa basi, simu mpya ilikuwa na uhai mwingi kuliko ya zamani. Vijistari vya mtandao vilijaa juu ya kioo. Picha za mjukuu ziliingia asubuhi na jioni. Dada yake alimtumia maneno ya kumtakia siku njema, yenye maua. Kitu kimoja tu haikufanya: haikuita.

Juma la kwanza alidhani ni kiangazi cha kazi, kwa maana mabomba nayo yana majira yake. Juma la pili alianza kuikalia karibu, sahani mapajani. La tatu akaacha kufua nguo uani, asije akakosa mlio. Baadhi ya Jumamosi alipokwenda mjini kununua mahitaji, simu ilishtuka ikaita, siku moja mara mbili ndani ya saa moja, naye akasimama katikati ya wanunuzi akiandika kwenye kiganja. Akaona ni kawaida, Jumamosi watu wako nyumbani na wanaona mabomba yao yanavuja. Mwezi mzima alipata kazi tatu. Akazigawa kama daftari lilivyotaka: ya kwanza kwa Spana, ya pili na ya tatu kwa mapacha. Zamu ya nne, ya Sumaku, ikabaki na jina bila kazi.

Siku moja mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha alimwandikia. "Mama Laini, siku hizi hupokei simu. Nimepiga mara nne tangu jana." Alisoma maneno hayo mara mbili. Miaka ishirini na sita, kisha tisa, na hakuna aliyewahi kumwandikia hivyo. Akajibu kwa adabu, lakini adabu yenye mfupa ndani: "Samahani mama. Hapa hakuna simu yako iliyoita. Tafadhali hakikisha namba." Yule mama alitafuta fundi mwingine.

Hapo alikosea, na kosa lenyewe halikutoka kwenye uzembe bali kwenye sifa yake njema. Mtu aliyezoea kuwa sahihi husikia taarifa kama tusi. Laiti angeuliza neno moja, "Ulisikia nini ulipopiga?", yaliyofuata yasingefuata.

Mafundi hawakukaa kimya. Kila Jumamosi walikutana mjini nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako walinunua mabomba na viungio, na huko ndiko walikomwita. Aliwakuta wamekaa juu ya mabomba ya plastiki yaliyorundikwa, Spana amesimama. Walimpa ndoo iliyopinduliwa akalie. Sumaku ndiye aliyeanza. Alieleza kwamba majuzi alipita kwa mwenye duka la dawa, mteja wao wa miaka, akamkuta fundi mgeni anachimba bomba. Hakumuuliza mwenye duka kilichotokea. Alijiuliza mwenyewe njiani na akajijibu mwenyewe.

"Mama, wateja hawajafa," alisema. "Mabomba hayajaacha kupasuka. Kazi zipo, ila zinakwenda kwa watu wengine. Nani anawaelekeza?"

Mama Laini alifungua daftari akawasomea siku moja moja. Kurasa zilikuwa safi na karibu tupu, na kadiri alivyosoma ndivyo utupu ulivyozidi kumshuhudia vibaya. Mapacha walitazama viatu vyao. Mmoja akasema hawamtuhumu, ila, na mwingine akamalizia, ila njaa haina heshima.

Spana aliinua mkono. Alisema pengine ubaya uko kwenye simu yenyewe, kwa kuwa ni ngeni, basi na ipigwe hapohapo watu wasikie kwa masikio yao. Mama Laini alimtazama kwa shukrani. Sumaku akatoa simu yake akabonyeza namba iliyo ukutani.

Ikaita. Mara ya kwanza, Mama Laini akavuta pumzi. Mara ya pili, mkono ukatafuta kalamu. Mara ya tatu, kwa mazoea ambayo mwili hausubiri ruhusa, akaipeleka sikioni na kusema, akimtazama Sumaku usoni hatua mbili mbele yake, "Mafundi bomba, habari za leo, tukusaidie nini?"

Mapacha walicheka wasiweze kujizuia. Hata mwenye duka la vifaa aliyekuwa akipima waya alicheka. Yeye mwenyewe nusura atabasamu. Kisha kicheko kikaisha, na pakabaki lile lililokuwa limethibitishwa.

"Simu nzima," alisema Sumaku, akirudisha ya kwake mfukoni. "Sasa mgonjwa ni nani?"

Afadhali mwizi, kwani mwizi anajua alichochukua. Mama Laini alitafuta ndani ya moyo wake kosa la kukiri, akakosa hata hilo. Alisema tu, "Mimi sijauza zamu ya mtu." Akalirudia. Spana alisema, "Dada, tupumzike kidogo," na kila mtu alielewa maana yake, kwamba kazi ya namba imesimama, na mwenye busara ameogopa kuamua. Siku tatu baadaye Sumaku alipaka chokaa juu ya namba ya bluu pale kwenye mashine ya kusaga, na juu ya chokaa akaandika yake mwenyewe.

Ikapita wiki nyingine. Asubuhi ya Jumatatu alikuwa akiosha vyombo, kiungio cha bomba chini ya sinki lake mwenyewe kikaachia. Maji yalitoka kwa nguvu, yakampiga magotini. Aliinama akashika koki ya kufungia. Ilikuwa imeganda kwa kutu, haikuzunguka. Akaziba kwa tambara, tambara likaruka. Kwa miaka kumi hakuwahi kupiga simu kwa laini ile, lakini sasa jiko lilikuwa linakuwa dimbwi, na sharti aliloliandika kwa mkono wake akalivunja kwa mkono uleule. Akatafuta jina la Spana akabonyeza.

Kioo kilisema inapiga. Kikanyamaza kidogo, kisha kikaandika kwamba simu haikufanikiwa. Akarudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu aliitazama kama mtu anayemtazama mtumishi aliyegoma. Vijistari vilikuwa vimejaa.

Akatoka mbio na kandambili zilizoloa mpaka kwa jirani yake mshonaji, akaomba simu. Ya mshonaji ilikuwa ya bei ndogo, imefungwa kwa mpira, nayo ikampata Spana mara moja. Alikuwa karibu, akasema anakuja.

Mshonaji alikuwa akimhurumia na kumtania kwa pamoja. "Mama wa mafundi, na wewe umepanga foleni kama sisi?"

Mama Laini hakumsikia. Alikuwa amesimama na simu ya jirani mkono wa kulia, ya bintiye mkono wa kushoto. Polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, akabonyeza kwenye ile ya jirani namba aliyowapokelea watu miaka yote na ambayo hakuwahi kuipigia hata siku moja. Akaweka sikioni. Sauti ya mwanamke, tulivu na yenye adabu, ikamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

Mkononi mwake simu ilikuwa kimya na inang'aa. Na wakati uleule, kana kwamba inamcheka, ikalia kidogo kwa ujumbe. Ilikuwa picha ya mjukuu amevaa kofia.

Spana alipofika alimkuta ameketi ukingoni mwa mlango wa jiko, miguu ndani ya maji. Alifunga maji kwanza, akabadilisha kiungio, kisha akasikiliza. Akapiga ile namba akiwa palepale jikoni. Haipatikani. Akatoka uani akapiga. Haipatikani. Akavua kofia yake, akaishika.

"Nilipaswa kuja kupiga nikiwa hapa kwako," alisema. "Mtu hapimi bomba la jikoni kwa kufungua koki ya sebuleni. Mimi fundi, dada, na nimefanya hivyo."

Kesho yake walikwenda pamoja kwenye ofisi ya mtandao mjini. Mhudumu, msichana mwenye subira, aliigeuza simu, akaisoma ndani, akawaeleza. Simu, alisema, ni kama redio; husikia masafa iliyotengenezewa tu. Hii ilitengenezwa kwa soko la nchi nyingine. Kule nyumbani kwa Mama Laini mnara una mawimbi ya zamani, yanayobeba sauti, lakini kwenye masafa ambayo simu hii haina sikio la kuyasikia. Mjini mawimbi ya zamani yako kwenye masafa mengine, na hayo inayasikia, ndiyo maana mjini inaita. Mawimbi mapya inayapata kotekote, ndiyo maana picha na ujumbe haviachi kuingia. Sauti nayo siku hizi inaweza kupita kwenye hayo mapya, lakini mtandao huruhusu aina za simu ulizozisajili tu, na hii haimo.

"Kwa hiyo anayenipigia anaambiwa sipo," alisema Mama Laini.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi siambiwi kwamba kuna mtu kapiga."

Msichana alisema ndivyo. Spana akauliza kama hawawezi kuisajili. Alijibiwa kwamba hilo haliamuliwi hapo dirishani, liko juu sana, na hata juu huko hakuna anayesajili simu ya mtu mmoja. Mama Laini akauliza ni wapi basi atapeleka lalamiko. Msichana alifikiri kwa haki kabisa, kisha akakiri kwamba hajui. Muuzaji yuko ng'ambo. Mtengenezaji hakukosea, simu yake ni nzima kule ilikokusudiwa. Mtandao haukuiuza. Ndivyo mambo ya siku hizi yalivyo: madhara yana mtu, kosa halina. Aliyesema "dunia nzima" alikwisha kupokea fedha zake na kusahau, na wala hatajua kwamba neno lake jepesi lilimwangukia mwanamke ambaye hajawahi kutamka neno jepesi.

Wakapewa kifremu cha plastiki cha kushikilia kadi ndogo ndani ya simu ya zamani. Nyumbani alifungua droo, akafungua kitambaa, akachaji simu ya vitufe. Spana alipoipigia akiwa uani, iliita kwa mlio wake wa zamani wa kukwaruza, mpaka mshonaji akachungulia dirishani. Dawa ilikuwa imelala kwenye droo siku zote hizo, mita mbili kutoka alipokuwa amekaa akingoja.

Spana aliwaita wenzake akawaeleza. Mapacha walisikitika kwa kweli, mmoja akianza na mwingine akimalizia, lakini walikuwa wamekwisha kuingia kwa mkandarasi wa majengo na hawakuwa wakihitaji tena namba ya mtu. Sumaku alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, naamini," alisema. "Lakini rangi nimeshapaka, na watu wameshaizoea." Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mama Laini hakuomba ukuta. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba Sumaku aseme nyuma ya lile duka, mbele ya watu walewale waliocheka, kwamba hakuna zamu iliyouzwa. Sumaku aliahidi. Spana alihudhuria Jumamosi nne mfululizo na hakumsikia akisema; mwishowe akasema yeye mwenyewe, lakini wachache waliokuwepo walidhani anamtetea dada yake wa kazini. Neno la kumchafua mtu lina miguu yake. La kumsafisha hungoja kubebwa.

Binti aliandika kutoka mbali: "Mama, simu inakufaa?" Mama Laini angemwambia kwamba zawadi yake ndiyo iliyomnyamazisha? Mtoto angelia chumbani kwake peke yake, halafu angetuma nyingine. Akaandika, "Picha zinaonekana vizuri sana, mwanangu." Ulikuwa ukweli, ila si ule ulioulizwa, naye alijua tofauti. Yeye ambaye hakuwahi kumdanganya mteja alilala na mwiba huo moyoni.

Simu ya vitufe ikakaa mezani juu ya daftari, na siku zikaenda.

Kisha asubuhi moja ikaita. Mara ya kwanza hakuamini. Mara ya pili alishika kalamu. Mara ya tatu alijibu. Alikuwa mzee mmoja, maji yanashuka ukutani kwake, na namba ameiona kwenye tangi la zamani juu ya paa, mahali ambapo Sumaku hakupanda na chokaa yake. Mama Laini akaandika mtaa, akaandika tatizo, akamwambia asubiri nusu saa.

Akafungua daftari. Zamu iliyofuata ilikuwa imeandikwa tangu miezi ile, kwa mwandiko wake mwenyewe, na jina lilikuwa la Sumaku.

Alilitazama. Spana alikuwa bila kazi siku hiyo, naye alilijua hilo. Kalamu ilikaa hewani. Kisha akatuma ujumbe kwa Sumaku: mtaa, rangi ya geti, ukuta unaovuja, mteja anangoja.

Sumaku alikwenda. Mama Laini alilijua hilo kwa sababu jioni mzee alipiga tena kushukuru. Fundi ni hodari, alisema, ukuta umekauka. Hata kiti kibovu amempa, amekipenda mwenyewe.

"Na kaniachia namba yake," mzee akaongeza kwa furaha. "Kasema siku nyingine nisikusumbue, nimpigie yeye moja kwa moja."

"Vizuri, baba," alisema Mama Laini. "Asante kwa kupiga."

Akaandika kwenye daftari kwamba kazi imekamilika. Chini yake, kwenye mstari uliofuata, akaandika jina la Spana, akaacha nafasi ya kazi wazi, na kuirudisha simu juu ya ukurasa ili upepo usiufunge.